Urefu hauhitaji karani, pasi inahitaji

Kwetu Tanzania mtu akitaja mpira wa kikapu, swali la kwanza ni urefu. Kijana wa futi sita na nusu atatafutiwa kocha na viatu hata kama kudunda mpira hajui. Mwenzake mfupi, anayeuona uwanja mzima na kutoa pasi kabla beki hajageuka, ataambiwa akajaribu soka. Naishi Charlotte, mji uliompenda Muggsy Bogues kuliko mchezaji yeyote wa zama zake, na kila nikifikiria safari yake nawakumbuka wafupi wetu.

Bogues ana futi 5 na inchi 3, yaani sentimita 160. Mfupi kumzidi hajawahi kucheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Alikulia Baltimore katika nyumba za serikali za Lafayette Courts, na akiwa na miaka mitano alijeruhiwa kwa marisau ya bunduki mtaani kwao. Timu ya shule yake, Dunbar, ilikuwa tishio. Mwaka 1987 vijana watatu waliowahi kusoma hapo walichaguliwa katika raundi ya kwanza ya drafti ya NBA, zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu: Reggie Williams wa 4, Bogues wa 12, Reggie Lewis wa 22.

Kabla ya hapo alipitia chuo kikuu cha Wake Forest, hapa hapa North Carolina. Mwaka wa kwanza alikaa benchi zaidi ya kucheza. Mwaka wa mwisho alikuwa na wastani wa asisti, yaani pasi zilizozaa kikapu, 9.5 kwa mchezo, na katikati ya miaka hiyo, 1986, alikuwa katika kikosi cha Marekani kilichotwaa ubingwa wa dunia kule Hispania.

Msidhani Wamarekani hawatazami miili. Wanatazama sana. Washington Bullets walimpanga timu moja na Manute Bol wa Sudan, futi 7 na inchi 7, na picha za wawili hao zilizunguka dunia. Msimu mmoja tu, wakamwacha. Timu mpya ya Charlotte Hornets ikamchukua mwaka 1988, akaichezea hadi 1997.

Kilichombakiza, naamini, ni maandishi. Kila pasi iliyozaa kikapu iliandikwa, kila mpira aliouiba uliandikwa, na kila aliopoteza pia. Misimu kadhaa aliongoza ligi kwa uwiano wa asisti na mipira iliyopotea. Alistaafu na asisti 6,726. Kocha anayemdharau mfupi hawezi kubishana na karatasi ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka.

Kwetu karatasi hiyo haipo. Hasheem Thabeet, fahari yetu, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA mwaka 2009, na urefu wake wa futi 7 na inchi 3 ulionekana toka mbali bila mtu kushika kalamu. Ni haki yake, alijituma. Lakini mfupi wa Temeke au wa Mwanza ataonekanaje? Hata karatasi rasmi ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, inayojazwa mezani huandika pointi, faulo na mapumziko ya timu, asisti haimo. Mtoto anatoa pasi kumi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kisha anarudi nyumbani kama hakucheza.

Kuna jambo moja nyumbani wametupita. Jioni kiwanjani kwetu mtoto wa miaka kumi na miwili huchanganyika na kaka zake na watu wazima, bure. Huku wazazi wengi hulipia timu za binafsi fedha ambazo mama wa Lafayette Courts asingezipata. Vipaji vya kupasi tunavyo tele.

Kwa hiyo sisi wa ughaibuni, tunaochanga jezi na mipira kila mwaka, tuongeze posho ya vijana wawili kwa kila kituo cha UMISSETA: mmoja atazame na kutaja, mwingine aandike. Asisti, mipira iliyoibwa, iliyopotea. Matokeo yabandikwe ukutani jioni hiyo hiyo, na nakala iende kwa makocha wa mkoa.