Opera za kale kwenye mandhari ya kisasa: tunagombania nini hasa?

Septemba 2009, Metropolitan Opera ya New York ilifungua msimu kwa onyesho jipya la Tosca, opera ya Puccini, lililoongozwa na Luc Bondy, na mandhari yake ya jukwaani ilibuniwa na Richard Peduzzi: kuta tupu za matofali mahali ambapo watazamaji walizoea kuona marumaru na dhahabu. Timu ya wabunifu ilizomewa. Kufikia Desemba 2017 jumba hilo lilikuwa limeleta Tosca nyingine, yenye sura ya kimapokeo. Wengi walihitimisha kwamba usasa ndio uliozomewa.

Lakini Peduzzi huyohuyo ndiye aliyebuni mandhari ya Ring, opera nne za Wagner zinazofuatana, chini ya mwongozaji Patrice Chéreau kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1976, akauchora mto Rhine kama bwawa la kuzalisha umeme. Mwanzoni watu walipiga filimbi na kuzomea. Kufikia maonyesho ya mwisho mwaka 1980 walikuwa wakishangilia kwa muda mrefu mno. Kwa hiyo tatizo si mkono wa mbunifu, wala si matofali.

Tazama mwisho wa sehemu ya pili ya Tosca. Scarpia, mkuu wa polisi, amekwisha kuchomwa kisu na Tosca, mwimbaji mkuu wa kike wa hadithi. Tosca karibu haimbi tena. Okestra ndiyo inayoendelea. Ananawa vidole, anaichomoa hati ya kupita kwenye mkono wa maiti, anaweka mishumaa miwili kando ya kichwa, msalaba kifuani, kisha anatoka. Puccini aliandika muziki huo kwa kufuata kila kitendo. Bondy aliondoa ibada ya mishumaa, Tosca akajilaza kwenye kochi akijipepea. Okestra ikabaki inasindikiza mikono isiyo na kazi. Hapo waliolalamika walikuwa na hoja nzito, hata kama wengi waliieleza vibaya.

Sasa linganisha na Rigoletto, opera ya Verdi, iliyoongozwa na Jonathan Miller kwenye English National Opera, London, 1982. Aliihamishia kwa majambazi wa mtaa wa Little Italy, New York, miaka ya 1950. Sehemu ya mwisho ya Verdi ina waimbaji wanne kwa pamoja: wawili ndani, wawili nje wakichungulia. Miller aliweka baa yenye barabara mbele yake, na ukuta unaotenganisha ndani na nje ukabaki. Mtawala mwasherati anatia sarafu kwenye mashine ya muziki kabla ya kuimba wimbo wake "La donna è mobile". Karne na nchi vimebadilika, ila hakuna kipimo cha muziki wa Verdi kilichoguswa.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mbunifu ni kukaa na noti pamoja na saa, aandike kila kitu ambacho muziki umekipimia muda: mlango, maficho, urefu wa kurukia, umbali wa kutembea. Wanakwaya 60 wakitoka kwa mlango wa sentimita 90, takriban mmoja kila sekunde, wanahitaji dakika nzima. Muziki ukiwapa sekunde 20, wa mwisho watabanana mlangoni wakati mwimbaji mkuu ameshaanza. Itabidi pawe na milango miwili ya mita 1.8, au ukuta uachwe wazi pande zote.

Kisha kuna sauti, jambo ambalo wapenzi wa usasa hulisahau mno. Opera kwa kawaida huimbwa bila maikrofoni, na juu ya jukwaa kuna mnara wa kuning'inizia mandhari unaomeza sauti. Jukwaa tupu lenye mapazia meusi ya mahameli hupendeza kwenye picha, lakini mahameli hunyonya sauti. Kuta ngumu, plaiwudi ya milimita 12 au zaidi iliyokazwa vizuri kwenye fremu na kuelekezwa kwa hadhira, huirudisha ukumbini. Plaiwudi nyembamba kwenye fremu kubwa hutetema na kula sauti nzito. La Traviata ya mwongozaji Willy Decker na mbunifu Wolfgang Gussmann, Salzburg, Austria, 2005, ilisimama ndani ya ukuta mmoja mweupe uliopinda, bila kubadilisha majengo jioni nzima. Huo ni usasa wenye akili.

Upande wa mapokeo nao una gharama zake. La Bohème ya mwongozaji Zeffirelli ingali hai pale Metropolitan tangu 1981, na sehemu ya pili hujaza jukwaani watu zaidi ya 200. Inawezekana kwa sababu jumba lile lina majukwaa ya kando na ya nyuma yanayosukumwa mazima hadi katikati. Jumba lisilo nayo lingelazimika kusimamisha onyesho kwa muda mrefu. Tena, katika umati ule inabidi umtafute Mimì, mhusika mkuu wa kike, kwa macho.

Mitambo nayo ina hatari yake. Ring ya mwongozaji Robert Lepage, pale pale Metropolitan, ilijengwa juu ya mtambo wa mabamba 24 yanayozunguka, wa takriban tani 45, hata sakafu ikabidi iimarishwe kwa chuma. Usiku wa kwanza wa Das Rheingold, opera ya kwanza kati ya zile nne, Septemba 2010, mabamba hayakujipanga kuwa daraja la mwisho, miungu ikashindwa kuvuka. Kifaa chochote kinachosogea kinahitaji njia ya pili ya mikono, na iwe imefanyiwa mazoezi.

Mengi ya haya hugunduliwa mapema. Baada ya kielelezo kidogo cha jukwaa kwa kipimo cha 1:25, majumba ya Ujerumani hupanga mandhari nzima jukwaani kwa mbao na vitambaa vya bei nafuu, mara nyingi takriban mwaka mmoja kabla. Mtu apande roshani ya juu kabisa, kiti cha pembeni: dari ikishuka mbele, waimbaji walio nyuma hukatwa vichwa. Sakafu ya mteremko wa 1:12, karibu nyuzi 5, ijaribiwe na mwimbaji mwenyewe akiwa na viatu vya onyesho, kwa sababu magoti yake ndiyo yatakayosimama hapo kwa muda wa saa tatu. Kwenye kitambaa, mlango husogezwa kwa dakika chache; ukuta ukishajengwa, ni kazi ya karakana upya.