Fomani wa kwetu apewe nguvu ya kusimamisha kazi

Niko Dallas, Texas, nasimamia mafundi umeme kwenye majengo ya biashara, maofisi, maghala, juzi kati tumekabidhi kliniki. Kabla ya huku nilikuwa Mbeya, nilianza saidia fundi Mwanjelwa nikapanda taratibu mpaka nikawa nasimamia saiti Mbeya na Iringa. Watu wa nyumbani wakinipigia wanataka niwaambie habari za mitambo na mishahara, sawa vipo, ila mimi nikiulizwa huku tumezidiwa nini sianzii huko. Fundi wa Mbeya kwa mikono hazidiwi na fundi wa Texas, hilo nalisema nikiwa nimefanya kazi na wote. Tunazidiwa kwa fomani, yule msimamizi wa mafundi saiti. Huku fomani akisema kazi isimame inasimama, hata kama mwenye jengo amekasirika. Kwetu fomani anahesabu vibarua asubuhi, anafokewa na bosi jioni, basi.

Nitoe mfano. Kuna ghorofa moja pale Mbeya mjini, mkandarasi simtaji, kesho yake kulikuwa na wageni wa ufunguzi na kwenye DB kubwa, yaani boksi la kugawia umeme, kuna laini imebaki haijaungwa. Fomani wetu akaomba umeme uzimwe, akajibiwa haiwezekani, juu kuna watu wa vigae wanatumia mashine, ungeni hivyo hivyo nyie si wazoefu. Kijana mmoja wa Tukuyu akaingia kuunga umeme ukiwa laivu, bisibisi ikagusa fezi, waya wenye umeme, na bodi ya chuma kwa pamoja, moto ukalipuka ukamuunguza mkono na shavu. Alipona namshukuru Mungu, ila kuna vidole mpaka leo havikunjiki vizuri na yule alikuwa fundi mzuri kweli. Fomani alikuwa anajua kabisa kitakachotokea, alisema, hakusikilizwa, na lawama zote mwishoni akabebeshwa yeye. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa huku jambo kama lile linazuiwa na nini? Kufuli. Kufuli la kawaida kabisa. Kila fundi kwenye timu yangu ana kufuli lake na ufunguo wake anakaa nao mfukoni mwenyewe. Kabla ya kugusa paneli breka, swichi yake kubwa, inazimwa, inapigwa kufuli, inaning'inizwa lebo yenye jina lake, halafu inakuja testa, na hapa siachi mtu aruke hata hatua moja: unapima kwanza sehemu unayojua ina umeme ili ujue testa yenyewe ni nzima, unapima pale unapotaka kufanya kazi, halafu unarudi kupima tena pale penye umeme, maana testa inaweza kufa katikati ikakudanganya kwamba waya umekufa kumbe testa ndiyo imekufa. Mkiwa wanne kwenye paneli moja yanakaa makufuli manne, na umeme hauwashwi mpaka la mwisho litoke. Na hakuna wa kuja kulitoa lako eti kwa sababu ana haraka, ukilisahau ukaondoka unapigiwa simu popote ulipo urudi. Kufuli Mwanjelwa linauzwa kila duka la hadiwea jamani, hatuwezi kusema tunakosa kwa sababu ni nchi maskini.

Sheria nayo tunayo, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003 na OSHA yetu, wakala wa kusimamia usalama kazini, ipo. Ila sheria haiko saiti saa moja asubuhi, aliyepo ni fomani, na kama fomani anajua akikataa kazi kesho anatafutwa mwingine wa kuchukua nafasi yake hiyo sheria itamfikiaje kibarua? Vijana wanachomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana na njiti za kiberiti ili drili iwake, mvua ya Machi inanyesha, wamesimama kwenye tope, na msimamizi anapita anaangalia pembeni kwa sababu hakupewa hela ya plagi. Huku soketi za muda za saiti lazima ziwe na kinga inayokata umeme ukivuja hata miliampia 5 hivi, fundi hajaanza hata kusikia vizuri umeshakata.

Kingine ni kuandika. Nilipofika hapa uzoefu wangu wote wa nyumbani haukunisaidia kwenye leseni kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuandika popote. Texas ili upewe leseni ya fundi kamili unatakiwa uwe na saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu mwenye leseni, na yeye ndiye anathibitisha kwa saini. Nikaanza chini. Na vizuri nilianza chini, maana hata rangi za nyaya ni hatari ukija na mazoea ya kwetu: nyumbani bluu ni nyutro, waya wa kurudisha umeme, huku kwenye volti 208 bluu ni fezi! Fomani wangu wa kwanza, Mmeksiko mmoja mzee mpole, alinikataza kugusa kitu sijapima mbele yake, na hakuna bosi aliyemwambia anachelewesha kazi. Nyumbani kijana anakuwa saidia fundi miaka mpaka anaota mvi na hana karatasi hata moja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana ule mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ni mzuri sana, ila ungekuwa rahisi zaidi kama kila mkandarasi angekuwa na daftari, fulani leo kafanya hiki, saa ngapi, saini.

Habari ya zege sitaki hata kuirefusha, fundi umeme anaitwa usiku kesho slabu inamwagwa, anatupia paipu za kupitishia nyaya gizani, baadaye anapasua ukuta mpya kwa tindo. Wapangaji wa kazi wabadilike tu.

Ila nisiwe mtu wa kusifia ugeni. Huku mradi ukiisha unapewa hundi yako na kesho hamjuani. Nimefanya kazi na mtu kutwa nzima kwa miezi, mama yake akafa nikaja kusikia juu juu kwa watu wengine. Mbeya fomani anajua nani mke wake kajifungua, nani ana msiba Rungwe anahitaji nauli, wote tunakula kwa mama ntilie mmoja, na asubuhi za Juni za Uyole zile za baridi ya kukata masikio chai ya kwanza fomani ndiye analipa. Kijana anafundishwa kwa kukaa na mkubwa wake. Mimi hilo nimelileta huku kwenye timu yangu, joto likipita nyuzi 38 nawatoa juani wanywe maji na nawauliza habari za nyumbani kwao, na nyaya wanavuta vizuri kuliko timu za jirani wanaofokewa.

Kwa hiyo mkandarasi wa Mbeya, Iringa, Njombe ambaye fomani wake tayari anajua watu wake hivyo, anashindwa nini kumwandikia barua ya ukurasa mmoja kwamba huyu ana haki ya kuzima umeme na kusimamisha kazi na hatafukuzwa kwa hilo? Mpwa wangu anasimamia waya za hosteli Iringa mjini, nilimwandikia barua ya namna hiyo kwa Kiswahili akampelekea bosi wake, wakabishana, bosi akasaini ila akakata kipengele cha malipo ya siku ambayo kazi imesimama. Hicho ndicho tunakidai sasa, kwa sababu kibarua asipolipwa siku hiyo yeye mwenyewe ndiye atakayemwomba fomani awashe.