Gari la umeme: lipia kile ambacho fundi hawezi kukufungia baadaye

Kwa wiki kadhaa sasa jioni zangu zinaishia kwenye karatasi za bei. Nataka kununua gari jipya la umeme, kwa pesa niliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka, na kila nikifungua maelezo ya gari moja nakuta si moja tena. Kuna matoleo matatu au manne, betri mbili, mota moja au mbili, rimu za kuchagua, rangi za kulipia, na orodha ndefu ya nyongeza. Bei ya toleo la chini inanipa moyo. Nikifika mwisho wa orodha moyo wenyewe umeshapotea, ingawa kwa nje gari ni lile lile.

Nimefikia msimamo ambao nataka kuutetea. Katika orodha ile yote, lipia kile ambacho hakiwezi kufungwa baadaye. Vingine viache, hata kama vinang'aa. Na ili ujue ni kipi unakihitaji katika hivyo visivyofungika, anza na mahali gari litakapolala.

Tumezoea kuuliza gari linakwenda kilomita ngapi. Swali hilo tumelirithi kwenye petroli, ambako lazima utoke ukatafute kituo. Gari la umeme linaweza kujazwa wakati wewe umelala, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine. Gari la ukubwa wa kati hutumia takriban kilowati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita 100, na kilowati-saa ndiyo ile tunayoiita uniti tunaponunua umeme. Tushike 17. Mtu anayeendesha kilomita 50 kwa siku anatumia uniti 8 na nusu. Ongeza asilimia 10 hivi inayopotea wakati wa kuchaji, zinafika kama 9 na nusu. Soketi ya kawaida ya volti 230 ikitoa ampea 10 inapitisha kilowati 2.3. Gawanya, unapata saa nne na dakika chache. Ukichomeka saa nne usiku, kabla ya saa tisa gari limesharudisha kila ulichokitumia mchana.

Hesabu hiyo ilinibadilisha. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta bei ya chaja kubwa ya ukutani, kumbe kwa mwendo wangu wa kila siku soketi moja nzima inatosha. Nasema nzima kwa makusudi: ampea 10 kwa saa nne mfululizo huchemsha soketi iliyolegea, kwa hiyo mwite fundi umeme akague nyaya na ethi (waya wa kwenda ardhini), na ikiwezekana avute laini ya peke yake. Pesa hiyo usiibane.

Asiye na mahali pa kuchomeka nyumbani wala kazini yuko kwenye hali tofauti kabisa, na sioni sababu ya kumficha. Atategemea vituo vya chaji ya haraka, ambako uniti kwa kawaida ni ghali kuliko ya nyumbani, na sehemu kubwa ya nafuu aliyoahidiwa itabaki kituoni. Kwake yeye gari la mfumo mseto, lenye injini na mota pamoja, linaweza kuwa chaguo la busara zaidi kwa sasa.

Sasa betri. Karatasi za bei huandika ukubwa wake kwa herufi kubwa, na aina yake kwa herufi ndogo au haziitaji kabisa. Muuzaji mmoja nilimuuliza betri ni ya aina gani, akanijibu kwamba ni ya lithiamu, kisha akanisisitizia nichukue ile kubwa ili nisiwe na wasiwasi. Jibu lake halikunisaidia, kwa sababu karibu zote ni za lithiamu. Kinachotofautisha ni madini yanayoambatana nayo. Kuna LFP, yenye chuma na fosfati, na kuna NMC, yenye nikeli, manganizi na kobalti. NMC hubeba umeme mwingi zaidi kwa kila kilo, ndiyo maana unaikuta kwenye matoleo mengi ya masafa marefu. LFP ni nzito zaidi kwa umeme ule ule, na kwenye baridi kali inachaji polepole. Lakini ni nafuu kutengeneza, haina kobalti, si rahisi kushika moto kama mwenzake, na inavumilia mizunguko mingi zaidi ya kujazwa na kutumika.

Tofauti inayogusa maisha ya kila siku ni hii. Mwenye NMC kwa kawaida hushauriwa aishie asilimia 80 siku za kawaida, ili betri isichoke mapema. Mwenye LFP anaruhusiwa kujaza hadi 100. Tesla hata huwashauri wenye LFP wafike 100 angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa volti ya betri hiyo hubadilika kidogo sana kati ya kujaa na kupungua, na gari linahitaji kufika juu ili lijue hesabu yake. Weka sasa betri mbili mezani: NMC ya kilowati-saa 75 ukiijaza asilimia 80 inakupa 60. LFP ya 60 ukiijaza yote inakupa 60. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa magari hayo mawili yako sawa! Zile 15 za ziada unazilipia kwa ajili ya siku za safari ndefu tu, na unazibeba kila siku.

Na zinapaswa kugharimu kiasi gani? Taasisi ya utafiti wa nishati ya BloombergNEF ilikadiria kwamba mwaka 2024 wastani wa bei ya betri kamili duniani ulikuwa dola 115 za Marekani kwa kilowati-saa. Kilowati-saa 15 basi ni kama dola 1,700 kwa mtengenezaji. Ana haki ya faida na gharama zake, sikatai. Ila ukiona betri kubwa imepandisha bei ya gari mara nyingi zaidi ya hapo, angalia vizuri: mara nyingi imefungashwa pamoja na viti, paa la kioo na rimu kubwa, na hairuhusiwi kununuliwa peke yake. Hapo unalipia mapambo kwa jina la kilomita.

Kuhusu kilomita zenyewe, uliza zimepimwa kwa kipimo gani. Cha China, CLTC, hutoa namba za juu kuliko WLTP ya Ulaya, na EPA ya Marekani kwa kawaida hutoa namba za chini na zilizo karibu zaidi na barabara. Gari la kilomita 500 za CLTC na la kilomita 500 za WLTP si ndugu. Mimi nimeacha namba hizo, nafanya hesabu yangu ya safari. Betri ya 60, barabara kuu, mwendo wa kilomita 110 au 120 kwa saa, matumizi yanapanda hadi kama 21 kwa kilomita 100. Safarini hutumii betri yote. Unafika kwenye chaji ukiwa na asilimia 10 na unaondoka ukiwa na 80, kwa sababu juu ya hapo kasi ya kuchaji hushuka sana. Asilimia 70 ya 60 ni 42, nayo inakupa kilomita 200 kati ya kituo na kituo. Kama kwenye njia yako vituo vimeachana kwa kilomita 250, basi hiyo betri ndogo haikufai, chukua kubwa bila kujilaumu. Msimamo wangu si kwamba ndogo ni bora siku zote. Ramani ya safari zako ndiyo iamue, hofu isiamue.

Kwenye chaji ya haraka usidanganyike na namba moja ya kilowati za juu. Gari linaweza kuigusa kwa dakika chache kisha likashuka. Uliza linatumia dakika ngapi kutoka asilimia 10 hadi 80. Hyundai Ioniq 5, lililotoka mwaka 2021 likiwa na mfumo wa volti 800, lilitangazwa kwa dakika 18 kwenye chaja ya kilowati 350. Mengi ya volti 400 huzunguka nusu saa. Kwa anayesafiri mara mbili kwa mwaka tofauti hiyo ni muda wa kwenda msalani na kunyoosha miguu. Kwa anayesafiri kila wiki ni jambo la kulipia, na halifungwi baadaye.

Vivyo hivyo chaja iliyo ndani ya gari, ile inayopokea umeme wa kawaida na kuugeuza uingie kwenye betri. Zipo za kilowati 7, 11 na 22. Ya 22 huhitaji umeme wa fezi tatu. Kama unapoegesha pana fezi moja, nyongeza hiyo utailipia na haitakuchajia hata dakika moja haraka zaidi ya ile ya 7. Angalia pia tundu la kuchomekea: CCS, CHAdeMO, GB/T na NACS haziingiliani bila kiunganishi, na anayeagiza gari kutoka nchi nyingine anaweza kujikuta na tundu ambalo hakuna kituo cha karibu kinacholihudumia. Kosa hilo ni zito kuliko kukosea rangi.

Upoozaji wa betri nao uulizie. Nissan Leaf la kwanza, lililoanza kuuzwa mwaka 2010, halikuwa na upoozaji wa maji kwenye betri, na kufikia 2012 wenye magari hayo kwenye joto la Arizona, Marekani, walikuwa wakilalamika kwamba uwezo unapungua mapema. Leo mengi mapya yana upoozaji wa maji. Pampu ya joto, kwa upande mwingine, ni ya anayeishi kwenye baridi. Huko inaokoa umeme mwingi wa kupasha joto ndani ya gari, na kuifunga baadaye haiwezekani kirahisi. Asiye na majira ya baridi aiache.

Mapambo nitayapitia haraka. Rimu kubwa hupunguza kilomita na tairi zake ni ghali. Mota mbili hukupa mwendo ambao barabara nyingi haziuruhusu, na kwa kawaida hula umeme zaidi. Kinachonikera hasa ni nyongeza za programu. Mwaka 2022 BMW ilijaribu katika baadhi ya nchi kuuza joto la viti kwa malipo ya kila mwezi, wakati vifaa vyenyewe vimeshafungwa ndani ya gari, na mwaka uliofuata ikaachana na mpango huo. Tesla nchini Marekani ilikuwa ikiuza programu yake ya kujiendesha kwa dola 15,000 Septemba 2022. Aprili 2024 ilikuwa dola 8,000, na dereva bado alitakiwa kuangalia barabara. Aliyeinunua kwa bei ya kwanza alipoteza karibu nusu bila gari kusogea. Kinachoweza kuwashwa kwa simu kesho hakina haja ya kulipiwa leo.

Bei ya gari pia si ile ya kwenye bango. Uliza bima kabla ya kusaini, maana kwa baadhi ya magari ya umeme inapanda kuliko unavyotarajia. Tairi huisha mapema kidogo kwa uzito na kwa nguvu inayokuja papo hapo. Breki hudumu zaidi kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, na gharama za oili ya injini, plagi na klachi hazipo tena. Waranti ya betri kwa magari mengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, kwa ahadi kwamba uwezo hautashuka chini ya asilimia 70. Isome kwa uelewa huo: betri ikifika asilimia 72 mwaka wa saba, mtengenezaji hadaiwi chochote.

Linalonikosesha usingizi ni kushuka kwa thamani. Januari 2023 Tesla ilipunguza bei zake Marekani na Ulaya, baadhi kwa karibu asilimia 20, na magari ya walionunua wiki chache nyuma yakashuka nayo. Ruzuku pia haziaminiki: Ujerumani ilifunga yake ghafla Desemba 2023, na Marekani ikaondoa nafuu yake ya kodi tarehe 30 Septemba 2025. Kwa hiyo ruzuku siihesabu mpaka iwe imeandikwa kwenye mkataba wangu. Na ndiyo maana, ingawa nilianza nikitaka jipya, sasa naangalia pia la miaka miwili au mitatu, lenye cheti cha afya ya betri. Aliyelinunua kwanza ameshaumia kwa sehemu kubwa.

Hadi leo chaguo langu ni toleo la chini lenye LFP, mota moja, rimu ndogo, chaja ya kilowati 7. Nyongeza moja tu nimeiwekea alama, ile ya kutoa umeme kutoka kwenye gari kwenda kwenye vifaa vya nyumbani, maana umeme ukikatika friji ina mahali pa kuegemea.

Kimebaki kitu kimoja ambacho karatasi haiwezi kunijibu. Kwa kuwa betri iko chini ya sakafu, kwenye magari mengi ya umeme sakafu ya nyuma imeinuka, na anayekaa huko magoti yake hupanda juu na mapaja hayagusi kiti. Mama yangu ndiye atakayekaa huko mara nyingi, na magoti yake hayana nguvu tena. Jumamosi naenda naye. Muuzaji nimeshamwomba atuachie gari nusu saa, na sitaliwasha. Mama atakaa nyuma, mlango ukiwa umefungwa, nami nitakaa pembeni yake nimsikilize.