Ujanja wa maua tusifichane

Shoga yangu alinipigia simu juzi analalamika. Mawaridi aliyoletewa siku ya harusi ya mdogo wake yameinamisha vichwa siku ya pili tu. "Na sukari nimetia!" Nikamwuliza ameyaweka wapi. Mezani, kando ya sinia la maembe.

Basi ndiyo hayo. Embe likiiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo hulizeesha ua kama inavyoliivisha tunda. Ndizi nazo vivyo hivyo. Mamangu hakujua jina la gesi yoyote, ila maua na matunda hakuyaweka chumba kimoja. Akisema harufu zao hugombana.

Na hiyo sukari yenyewe, peke yake, ni kufuga vijidudu, sembuse kwa joto letu hili. Mimi kwa lita moja ya maji hutia kijiko kimoja cha sukari, vijiko viwili vya maji ya ndimu, na matone machache ya dawa ya kung'arisha nguo. Kikonyo nakikata mshazari ndani ya beseni la maji kisiingie hewa, majani yanayozama nayatoa. Wanaosema maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili tatu wanaishi kwenye baridi. Waridi la Naivasha limekulia karibu mita 1,900 juu ya bahari, likateremshwa hadi Mombasa. Hapa maji ni kila siku.

Linaloniudhi ni kwamba mambo haya wanaoyajua wapo, lakini wameyafumbata. Mji wa Kale nilimwuliza mama mmoja muuza vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vipi asumini zake hubaki nyeupe hadi usiku. Akacheka. "Mwanangu, kila mpishi na chungu chake." Nilirudi mara tatu. Mara ya nne, nafikiri nilimchosha, akafunua kikapu: matumba yaliyochumwa alasiri, hayajafunguka, yamelazwa kwenye kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kikakamuliwa hasa. Akanishika kidole akakibonyeza pale kitambaani nihisi unyevu wake. Kibichi, lakini hakitoi hata tone. Maji yakizidi, alisema, ua hugeuka rangi ya chai. Mimi zangu nilikuwa nimezitia kwenye friza!

Kukausha ndiko kulikonitesa. Kila mahali utaambiwa uyafunge mawaridi shada, uyaninginize vichwa chini mahali pa giza penye hewa, wiki mbili au tatu. Nikayaninginiza mwezi wa Mei, masika yamepamba moto, hata kanga kwenye kamba hazikauki. Siku ya sita yameota kuvu kama mkate. Nikasema nitumie mchanga, maana mchanga tunao. Nikachota ufuoni Nyali, nikayafukia kwenye sanduku la viatu. Nimesahau chumvi! Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na unyevu wa Mombasa haungoji kuitwa mara mbili. Nilifukua kitu kama matango ya achari. Mchanga wa pwani lazima uoshwe kwa maji ya kunywa yasiyo na chumvi, mara nyingi, uanikwe jua kali hadi ukimwagika unapita vidoleni kama unga. Na ukitaka kuninginiza, ngoja kaskazi, Januari au Februari.

Kilichonifaa mwisho ni silika jeli, zile punje za kwenye vipakiti vya masanduku ya viatu, ila nilinunua kwa kilo. Waridi unalisimamisha, unamimina punje polepole hadi ziingie kati ya petali, unafunika mkebe usipitishe hewa. Kama wiki moja. Punje zikishiba maji unazirudisha kwenye oveni, moto mdogo, kwa chombo usichopikia, na unafanya tena. Ghali kidogo, lakini zinatumika miaka.

Waridi la kwanza kutoka zima nililipeleka kwa yule mama wa vikuba, nikiwa na kiburi changu. Rangi yake ile ile, petali hata moja haijakunjamana. Akaligeuza, akalipeleka puani, akanitazama.

"Halinukii," akasema, akanirudishia.

Nikainuka niondoke. Nimefika mlangoni, akaniita: "Hebu njoo. Hizo punje umezipata duka gani?"