Hak milik ya nani? Kijiji cha Java na mgeni anayetaka kuhamia

Mswahili akiishika hati ya ardhi ya Indonesia, maneno mawili ya juu atayasoma bila mkalimani: hak milik. Haki ya milki, basi. Wenzetu wale nao walichota Uarabuni kama sisi. Wanasema kabar, waktu, wakaf. Kazi inaanza ukiuliza milki hiyo ni ya nani. Sheria ya ardhi ya Indonesia, Namba 5 ya mwaka 1960, inajibu bila kuzunguka: ni ya raia, na mgeni hana lake.

Nalitaja hili mapema kwa sababu video zimejaa mitandaoni za watu waliohama miji mikubwa wakaenda kuishi kijijini Indonesia. Kibaraza, mpunga wa kijani hadi upeo wa macho, kahawa, maisha ya bei rahisi. Kuna ukweli ndani yake. Ila nchi ina visiwa zaidi ya 17,000, na kijiji cha Sumba si kijiji cha Bali. Mimi nitazungumzia kisiwa cha Java, hasa Gunungkidul, wilaya ya vilima vya mawe ya chokaa mashariki ya jiji la Yogyakarta, kwa kuwa huko hoja zote mbili, ya maisha na ya ardhi, zinaonekana waziwazi.

Kwanza maisha yenyewe. Gunungkidul si mpunga tupu. Ni nchi ya mihogo, na chakula chake cha asili ni tiwul: unga wa makopa uliopikwa kwa mvuke ukawa chembechembe za kahawia. Mtu wa Mtwara atakaa mezani bila kuuliza hiki ni nini. Kaya zimepangwa katika vikundi vidogo viitwavyo RT, kila kimoja na kiongozi wake. Mfikirie balozi wa nyumba kumi, ila huyu bado ana kazi. Wanawake wanacheza upatu, wenyewe wanauita arisan. Usiku wanaume wanapokezana zamu ya ulinzi, na sehemu nyingi za Java mbele ya nyumba kumetundikwa kikombe kidogo. Zamani mwenye nyumba alitia mchele wa kushika kwa ncha za vidole, siku hizi hutia sarafu. Walinzi wakipita wanakusanya, wanaandika daftarini. Hiyo ndiyo jimpitan, na fedha yake hununua taa ya njiani au humfaa aliyefiwa.

Anayetafuta utulivu atalipenda hilo. Anayetafuta faragha atakimbia. Daftari linajua kikombe cha nani kilikuwa kitupu, na kibao kwenye njia ya kuingilia kinamtaka mgeni aripoti ndani ya saa 24. Wanaohama kutoka mijini wengi hufikiri wananunua ukimya, kumbe wanajiunga na chama kisicho na fomu ya kujitoa.

Turudi kwenye ardhi. Mgeni anayeishi Indonesia kihalali anaweza kupata hak pakai, yaani haki ya kutumia: miaka 30, ikiongezwa 20, kisha ikihuishwa 30 mingine. Anaweza pia kupanga tu. Asichoweza ni kumiliki, na hapo ndipo hujitokeza mtu wa kumwambia, “tutaandika jina la raia, fedha yako, karatasi ya siri kabatini.” Kifungu cha 26 cha sheria ileile kinasema muamala wa kumhamishia mgeni milki, wa moja kwa moja au wa kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia kwa dola na fedha iliyolipwa hairudi. Wapo waliokaa hivyo miaka mingi bila kuguswa. Wanaishi kwa hisani ya aliyeazima jina, na baada yake kwa hisani ya warithi wake.

Sisi tusijifanye kushangaa. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Sababu inafanana: mwenye fedha za kigeni akiruhusiwa kununua apendavyo, mkulima hana bei ya kumjibu. Naikubali sababu hiyo. Lakini ukuta huu una nyufa mbili ambazo wanaousifu hawazitaji.

Ufa wa kwanza uko palepale Yogyakarta. Agizo la utawala wa jimbo la mwaka 1975 linawanyima hak milik hata raia wa Indonesia wenye asili ya Kichina, na limepingwa mahakamani bila kuanguka. Amri ya kumlinda mkulima dhidi ya mwenye mtaji imeishia kumpima raia kwa babu zake.

Ufa wa pili ni mkubwa zaidi: anayeimaliza ardhi ya kijiji kwa kawaida si Mzungu wa kwenye video. Ni mwenye fedha wa Jakarta au Surabaya, au mradi wa taifa. Zaidi ya nusu ya kaya za wakulima nchini zina chini ya nusu hekta. Sehemu kama hiyo ukiigawa kwa watoto watatu, kila mmoja anabaki na kiwanja, na kiwanja kinauzika. Uwanja mpya wa ndege wa Yogyakarta, uliofunguliwa 2019 upande wa Kulon Progo, umejengwa juu ya ardhi ya wakulima, wengine waliokataa hadi mwisho. Mtalii anayefika haraka kijijini leo amekanyaga shamba la mtu kabla hajatoka uwanjani.

Halafu kuna kijiji cha Sumurgeneng, wilaya ya Tuban, Java Mashariki. Wanakijiji walilipwa fidia nono ya ardhi kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta, na Februari 2021 video ya malori yaliyoshusha magari mapya kijijini ikaenea nchi nzima. Magari 176 yalitajwa. Watu waliwacheka: washamba wamepata fedha. Januari 2022 baadhi yao waliandamana kudai kazi walizoahidiwa. Wapo waliokuwa wakiuza ng’ombe ili wale. Mimi siwalaumu kwa magari. Shamba lilikuwa mshahara wa kila msimu, na hakuna aliyewauzia mshahara mwingine.

Je, utalii ungekuwa huo mshahara? Nglanggeran, kijiji cha Gunungkidul chini ya mlima wa volkano ya kale, ndicho mfano unaotajwa sana. Vijana walianza kwa kupanda miti mlimani. Wageni walipojaa kupita kiasi, mwaka 2014 wakizidi 300,000, kijiji kilipandisha kiingilio. Wageni wakapungua, mapato yakapanda. Mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa likakiweka kwenye orodha yake ya vijiji bora. Kilichonivutia ni kwamba ardhi haikuuzwa. Mgeni analala chumba cha mwenyeji, anakula tiwul, ananunua chokoleti ya kakao ya hapohapo, anaondoka.

Lakini Indonesia ina vijiji 75,000 hivi, na si kila kimoja kina volkano ya kale. Tangu 2015 serikali kuu inatuma fungu la fedha kwa kila kijiji, na vingi vimejenga bustani za kupigia picha zinazofanana. Zinajaa mwaka mmoja, wa pili mbao zinaoza.

Ndiyo maana vijana hawangoji, wanakwenda mijini. Idd inapokaribia wanarudi makwao kama Wachaga Desemba, ila ukubwa wake ni mwingine: mwaka 2024 serikali ilikadiria wasafiri milioni 193. Wiki moja, kisha mabasi yanawarudisha. Nyumba zenye marumaru za kung’aa zilizojengwa kwa fedha za mama aliyeko Hong Kong, Taiwan au Saudia zinafungwa tena. Wadada wetu walioko Ghuba wanazijua nyumba hizo.

Kwa hiyo anayeniuliza, namwambia apange, asinunue, na mkataba wa mwaka mmoja unatosha kuanzia. Kama ana mke au mume raia, wawe na makubaliano ya ndoa ya kutenganisha mali. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2016 yanaweza kuandikwa hata baada ya kuoana. Akionyeshwa karatasi za zamani za kodi ziitwazo girik au Letter C, ajue hizo si hati. Kanuni za 2021 zilitoa miaka 5 tu ya kuzisajili. Na safari ya kwenda kuangalia nyumba asiifanye Januari, mvua ikiwa imepaka vilima rangi. Aende Agosta au Septemba, mawe ya chokaa yakiwa yameshameza maji yote, amuulize jirani maboza ya maji hupita mara ngapi na nani anayalipa.