Tumbili wa Kitunda

"Shangazi, mbona huko Ujerumani mnalipa kiingilio kuwaona wanyama?"

Swali hilo kaniuliza mtoto wa kaka yangu wiki iliyopita, baada ya kumgombeza kwa video aliyonirushia WhatsApp. Ana kibanda cha vinywaji na samaki wa kukaanga ufukweni, upande wa Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini. Amenunua mtoto wa tumbili kwa vijana wa mashambani, kamvika mkanda kiunoni na kumfunga kamba ya manila kwenye mkorosho. Wateja wanampa soda, anakunywa kwa chupa, watu wanacheka.

Nimeirudia video ile mara nyingi, na si kwa ajili ya soda. Tazama chini ya mkorosho. Mchanga umechimbika duara, kijia chembamba kilichochongwa na nyayo zake mwenyewe. Kamba inaishia pale, naye anaishia pale.

Nilimjibu kwa sauti, nikaona haitoshi. Naandika hapa kwa sababu swali lake ni la haki, na najua hayuko peke yake.

Ni kweli tunalipa. Naishi Ujerumani mwaka wa kumi na nne sasa, na mimi mwenyewe nimelipa. Binti yangu alipotimiza miaka sita nilimpeleka kwenye bustani moja ya wanyama yenye birika la pomboo. Muziki juu, watoto wanapiga makofi, pomboo wanaruka kwa pamoja. Kila baada ya mruko mwalimu anatia mkono kwenye ndoo, anatoa samaki mmoja, mfu, aliyekwishalala kwenye barafu. Onyesho lilipokwisha watu wakatoka kwenda kununua aiskrimu. Mimi nikabaki kwenye kioo, namsubiri mwanangu afunge viatu. Pomboo mmoja alikuwa anazunguka. Anafika kwenye kioo, anageuza ubavu, jicho linapita mbele ya uso wangu, anakwenda, anarudi. Nilihesabu mizunguko kumi na saba. Hakubadilisha upande hata mara moja.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Alfajiri, maji yakijaa, tuliwaona pomboo wakiingia ghuba ya Lindi nyuma ya vibua, na ndege juu yao. Baba aliacha kupiga kasia. Hakuwapa kitu, nao hawakumwomba kitu. Wakipenda walitusindikiza mpaka karibu na gati. Wasipopenda, mwezi mzima ulipita hatujawaona, na hakuna aliyesema amedhulumiwa. Sijui kama binti yangu alielewa kwa nini nililia kwenye gari siku ile.

Sisemi nyumbani sisi ni malaika. Jarife la baba huyohuyo lilinasa pomboo akafa maji, maana pomboo hupumua hewa kama mimi na wewe. Pwani yetu, Mtwara mpaka Kilwa, imepigwa baruti za kuvulia samaki miaka na miaka. Na huyo mtoto wa tumbili hakuja mwenyewe kibandani. Mtoto wa tumbili hukaa kifuani kwa mama yake, na mara nyingi anayetaka kumtwaa huanza na mama. Kwa hiyo nikisikia mtu wa nyumbani akisema Wazungu wanapenda wanyama, sisi makatili, lile la pili nalikubali kwa uchungu. La kwanza nalikataa.

Huku mnyama ana daktari, ana chakula cha kupimwa, ana jina. Dubu mweupe Knut alizaliwa kwenye bustani ya wanyama ya Berlin Desemba 2006, mama yake akamkataa, akalelewa na mtu kwa chupa ya maziwa. Alipendwa na nusu ya dunia. Machi 2011, akiwa na miaka minne, akaanguka majini na kufa, ubongo ukiwa na ugonjwa. Watazamaji hawakumletea ugonjwa ule. Lakini hata kufa kwake kulikuwa na watu ukingoni, wengine na kamera mkononi.

Nasi tuna sababu yetu ya kulijua jicho hilo. Mwaka 1896, Treptow, hapohapo Berlin, Wajerumani walifanya maonyesho ya makoloni yao. Walileta watu zaidi ya 100, wakiwemo Waswahili wa pwani yetu, wakajengewa vibanda wakae humo watazamwe. Simlinganishi mtu na tumbili. Namzungumzia mwenye tiketi, anayetazama dakika kumi na kuondoka akiamini amekwishamjua aliyetazamwa.

Watu wa Lindi tunadai mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale, arudishwe kutoka Berlin, mifupa iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi mpaka bandari yetu. Nami nadai. Lakini mfupa hauna kiu wala haumkumbuki mama. Tunawezaje kupaza sauti kwa ajili ya mfupa, na aliye hai tumemfunga mkorosho?

Halafu wenyewe wameanza kuacha. Kanada ilipitisha sheria mwaka 2019 ya kukataza kufuga nyangumi na pomboo kwa maonyesho. Uingereza imekataza wanyama pori kwenye sarakasi tangu Januari 2020. Wenye mabirika wanayafunga, sisi ndio tunanunua kamba?

Mwanangu, najua biashara ni ngumu na mvua za mwaka huu zimekuharibia. Kuanzia Julai nyangumi hupita pwani yetu wakitoka bahari ya kusini kuja kuzaa. Mgeni anayetaka kuona mnyama mtafutie boti, na mkirudi bila kuona kitu mwambie wazi kwamba leo hawakupita. Injini nitakuchangia, nimekwishaongea na baba yako.

Ila huyo tumbili usimkatie kamba usiku ukamwacha. Hajui kutafuta chakula, mbwa watamuua kabla ya asubuhi. Mpigie afisa wanyamapori wa wilaya, mwambie ukweli wote, hata kama huna kibali. Akikomaa ataota chonge na kuanza kuuma watoto, na hapo watampiga marungu na wewe utasimama pembeni. Mpaka afisa afike, mlegezee mkanda, mwekee maji badala ya soda, na kamba ihamishie upande wenye kivuli.