Mkora wa Kamiti tunamjua, huyu wa korti ya Marekani ndiye anatumaliza

Mkenya akipigiwa simu na mtu anadai ametuma M-Pesa kwa makosa, tafadhali nirudishie, anacheka tu, anamwambia asalimie wenzake huko jela ya Kamiti halafu anakata. Hiyo shule tulimaliza kitambo. Sasa mchukue huyo huyo mjanja, mpeleke Texas akae miaka sita, halafu apigiwe na mtu wa sauti nzito na Kiingereza cha puani anajiita deputi wa sherifu, yaani askari wa kaunti. Utamuona vile atatetemeka.

Nasema hivi sababu ya binamu yangu. Ametoka zamu ya usiku, anafanya kazi kwa nyumba ya wazee, hata viatu hajavua, simu inalia, na kwa skrini imeandikwa ofisi ya sherifu wa kaunti yao. Jamaa anamwita majina yake yote matatu, anataja mtaa anaoishi, anampa namba ya beji na namba ya kesi, ati aliitwa juri, ile kazi ya wananchi wanaokaa kortini kuamua kesi, akakosa kutokea na jaji ameshatia sahihi waranti mbili, asipolipa bondi ya dola 2,400 saa hii hii atakuja kufungwa pingu kazini mbele ya wagonjwa wake. Na asikate simu. Na asiambie mtu, kwa sababu jaji ametoa amri kesi isizungumzwe. Hapo kwa amri ndipo naona wanajua kazi yao, maana wanajua ukiongea na mtu mmoja tu mwenye akili zimetulia, biashara imekwisha.

Basi mama wa watu akachukua funguo za gari. Akaambiwa aende kituo cha mafuta chenye mashine ya Bitcoin, ile unaingiza noti inazigeuza pesa za mtandaoni, yule jamaa anaiita kioski ya serikali. Bahati yake kijana wake alikuwa kiti cha nyuma anapelekwa shule, akasikia mambo yote kwa spika, akauliza swali moja tu: Mum, wewe si raia, watakuitaje juri?

Eee. Huyu mama ana green card! Juri Marekani ni ya raia peke yao. Kwetu hatuna hiyo kitu, Tanzania walizoea wazee wa baraza kukaa na hakimu, Kenya hata hao tuliwaondoa, kwa hivyo neno lenyewe likitajwa tunasikia tu korti na jela. Lakini msikimbie na hilo la uraia mkadhani mmemaliza, kwa sababu korti nyingi huchota majina kwa orodha za leseni za kuendesha gari, na barua halisi inaweza kukufikia hata kama wewe si raia. Ikija usiitupe. Jaza fomu, sema ukweli kwamba si raia, irudishe. Na usithubutu kuweka tiki pale pa raia ukidhani unajipendekeza, hiyo ni shida kubwa kuliko huyu mkora.

Ndiyo, nimesema barua. Wito wa juri kwa kawaida huja kwa posta, na anayekuja kukukamata hapigi simu kwanza kukubembeleza. Hata ukikosa kweli kweli, kwa korti za federali adhabu ya juu ni faini ya dola 1,000, siku 3 jela, kazi ya jamii, au mchanganyiko wa hizo, na jaji anakuita kwanza ujieleze kwa nini hukuja. Hakuna jaji anayekubali gifti kadi. Hakuna waranti inayofutwa kwa Zelle, ile njia ya kutumiana pesa kwa simu kupitia benki. Nawaandikia watu wazima wenye digrii na bado nalazimika kusema hivi, lakini FTC yenyewe, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, ilisema kwamba mwaka 2023 watu walipoteza zaidi ya dola milioni 110 kwa hizi mashine za Bitcoin kwa utapeli wa kila aina, kwa hivyo si binamu yangu peke yake.

Maoni yangu ni haya: sisi hatuanguki kwa ujinga, tunaanguka kwa heshima. Tulitoka nyumbani tukiamini utapeli ni ugonjwa wa kwetu na huku serikali ikiongea imeongea. Ongeza hofu ya makaratasi, mtu anahisi kosa dogo tu litamrudisha Nairobi, uwanja wa ndege wa JKIA, na begi moja, basi analipa. Na mnajua kinachonichekesha? Kule Georgia wafungwa walishtakiwa kwa mchezo huu huu wa juri, wakipiga kutoka ndani ya jela na simu za kuingiza kisiri. Yaani ni Kamiti ile ile, tofauti ni lafudhi.

Siku hizi pia wanatuma meseji ama imeili yenye linki, unafungua tovuti ina nembo ya korti, inakuuliza tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security, ile namba yako ya utambulisho huko Marekani, ndio uone faini yako. Usiguse. Ukiwa na wasiwasi kata simu, tafuta mwenyewe namba ya karani wa korti ya kaunti yako, uliza. Kama umeshatoa namba ya Social, funga kredit yako kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazoweka rekodi za mikopo, ili mtu asikope kwa jina lako, ni bure, halafu uingie IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali ya kuripoti wizi wa utambulisho. Kama umeshalipa, pigia benki ama kampuni ya ile kadi siku hiyo hiyo ukiwa na risiti, kisha ripoti kwa FTC, na tafadhali waambie watu wa kanisa lako pia. Tunanyamaza kwa aibu na mkora anaenda kwa jirani na hadithi ile ile.

Binamu yangu sasa amechangamka. Juzi akanionyesha simu yake kwa fahari, ile namba ameisevu "Kamiti Texas" na ameiblok. Ikabidi nimwambie aifungue, kwa sababu hiyo ni namba ya kweli ya sherifu wao, wale jamaa waliiazima tu ionekane kwa skrini.